Bamba jembamba lililoangusha daraja la Minneapolis

JIONI ya Agosti 1, 2007, daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, liliporomoka na kuangukia Mto Mississippi likiwa na foleni ya magari juu yake. Watu 13 walikufa na wengine 145 kujeruhiwa. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1967, lilibebwa na kenchi za chuma.

Kanuni yake ni ile ile ya kenchi zinazoonekana juu ya nyumba kabla ya kuezekwa bati. Fremu ya pembe nne, hata ikiwa ya mbao nene, ikisukumwa ubavuni hulala bila ubao wowote kuvunjika, kwani pembe ndizo zinazobadilika. Pembetatu haina nafasi hiyo. Ili ipoteze umbo lake, lazima upande mmoja urefuke, ufupike au ukatike.

Kwa hiyo mzigo hupita kwa urefu wa kila kipande: vingine huvutwa kama kamba, vingine hugandamizwa kama nguzo. Katika paa la nyumba, mbao mbili za mteremko hugandamizwa na kutaka kutawanyika, nao ubao wa chini huzishika kwa kuvutwa. Fundi anayekata ubao huo ili kuinua dari huziacha mbao za juu zikisukuma kuta kwa nje, na wako wanaofanya hivyo.

Nguvu hizo zote hukutana kwenye maungio. Huko Minneapolis, vipande viliunganishwa kwa mabamba ya chuma. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza Novemba 2008 kuwa baadhi yake yalikuwa na unene wa nusu inchi, takriban nusu ya uliohitajika. Kosa hilo lilikuwapo tangu kwenye usanifu. Wakaguzi waliopita miaka yote hiyo walitafuta kutu na nyufa; hesabu za mabamba hazikurudiwa.

Wakati huohuo uzito uliongezeka. Zege la barabara lilinenepeshwa, na siku ya ajali mchanga, kokoto na mitambo ya ukarabati vilirundikwa juu ya sehemu iliyo dhaifu. Kwa kuwa kenchi kuu zilikuwa mbili tu, ungio moja liliposhindwa, mzigo haukuwa na njia nyingine ya kupita.

Daraja lililochukua nafasi yake, lililofunguliwa Septemba 2008, ni la zege.