Kadi ya Bima Ijadiliwe Desemba, Familia Ikiwa Nyumbani

Ukiuliza bei tuliyoizoea ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, hapa Kibosho, hata mtoto wa darasa la tano atakujibu: elfu 30 kwa kaya. Ukiuliza kadi ya nyumbani kwao inaisha lini, watu wazima wanaanza kutazamana. Mimi ni mwandikishaji wa kijiji. Napita kihamba kwa kihamba, mashamba yetu ya nyumbani, nikiwa na simu ya kuwapigia picha wanakaya, na jambo ninalotamani kila nyumba ilishike ni hilo la tarehe. Bima hainunuliwi mara moja ikakaa miaka, kama jembe. Inalipiwa upya kila mwaka, na mwaka haupiti bila kitu kubadilika: mtoto amezaliwa, bibi amefariki, kijana amefikisha miaka 18, bei imepanda, hospitali imesitisha mkataba, Bunge limepitisha sheria.

Kwa miaka yote niliyoandikisha, CHF iliyoboreshwa imekuwa hivi: kaya ya watu wasiozidi sita inalipa shilingi 30,000, kadi inahudumia miezi 12, na miezi hiyo haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata siku mliyoandikishwa. Matibabu yanaanzia zahanati, yanapanda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa rufaa unafika Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Hapo ndipo kadi inapokoma. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi, haimo.

Hilo la KCMC ndilo linaloumiza watu wa huku juu. Usiku ukisimama kwenye mgomba wa mwisho wa kihamba unaona taa za Moshi zote chini yako, na hospitali ile tunaifahamu tangu ilipofunguliwa mwaka 1971. Mtu akiwa na kadi mkononi anaona haiwezekani isifike mahali anapopaona kwa macho. Kwa hiyo kabla sijapokea pesa huwa natamka wazi kadi inafika wapi, hata kama mtu ataghairi. Hospitali za dini nazo, na Kibosho tunayo yetu ya Jimbo Katoliki la Moshi, hupokea kadi kwa mkataba, na mkataba nao una mwanzo na mwisho. Uliza dirishani ukiwa mzima, siku umeenda kumwona jirani aliyelazwa.

Mfuko huu una historia ndefu. Majaribio ya CHF yalianza Igunga mwaka 1996, sheria yake ikapita 2001. Kadi ya zamani ilikufunga kwenye kituo ulichoandikishwa. Ukiugua ugenini, shauri yako. Hapa Kilimanjaro, mwaka 2011 KNCU, chama chetu kikuu cha wakulima wa kahawa, kilianza mpango wa bima kwa wanachama wake kikisaidiwa na PharmAccess, shirika la Uholanzi. Baadaye shirika hilo na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, wakasaidia kuleta CHF iliyoboreshwa mkoani kwetu. Kwa hiyo bima si ngeni kwenye mlima huu. Kilichobaki kigeni ni kulipa wakati hakuna anayeumwa.

Naomba msomaji akae na hesabu hii kidogo. Kaya 100 zikilipa elfu 30, ni milioni 3. Serikali ikiongeza kiasi kilekile, utaratibu tuliouita tele kwa tele, ni milioni 6 za kutibu watu wanaoweza kufika 600 mwaka mzima. Inawezekana, iwapo wengi wao watamaliza mwaka na homa ndogo tu. Lakini kama kila kaya inasubiri mpaka mtu alale kitandani ndipo initafute, mfuko unakuwa na wagonjwa watupu, na hakuna mzima wa kuwabeba. Toto Afya Kadi ya NHIF ilipita njia hiyohiyo. Kwa shilingi 50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima, na wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Matumizi yakazidi michango mara nyingi, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au bima ya familia nzima. Baadaye kadi ikarudishwa kwa masharti mapya. Mama aliyekuwa amezoea bei na njia ya zamani alikuta mlango umehama.

Wafanyakazi wa serikali, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3, nao hawakusalimika na mabadiliko. Machi 1, 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha bei za huduma na dawa, hospitali binafsi zikakikataa, na kwa siku kadhaa wenye kadi halali waligeuzwa mapokezi. Majirani zetu Kenya wamebadilisha mfuko wote: Oktoba 1, 2024 NHIF yao iliondoka, ikaja mamlaka mpya, SHA, na kila mtu akalazimika kujisajili upya. Ukiwa mwanachama wa jana huko, hujawa mwanachama wa leo.

Na sisi tumo njiani. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa bungeni mwaka 2022, bei iliyotajwa ya shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita iliwashtua watu, na muswada ukarudishwa kujadiliwa tena. Bunge liliupitisha Novemba 2, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akausaini mwezi huohuo. Katika kampeni za 2025 aliahidi kuanza utekelezaji ndani ya siku 100. Sheria inataka kila mkazi awe na bima. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona shamba la kahawa likiwekwa rehani kwa sababu ya upasuaji mmoja. Ila mabadiliko makubwa kiasi hiki hayaeleweki kwa tangazo la redio. Yanahitaji watu kukaa pamoja.

Sisi Wachaga tuna wakati wa kukaa pamoja. Desemba watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mbuzi anachinjwa, na kabla watu hawajatawanyika kunakuwa na kikao cha familia. Hujadiliwa mipaka, makaburi, harusi ya fulani. Nasema kadi za bima ziingie kwenye kikao hicho. Pesa ya kahawa mara nyingi bado ipo. Ikifika Januari ni sare, madaftari na nauli za wanafunzi, na elfu 30 inakuwa mlima mwingine.

Faida kubwa zaidi ni kwamba wenye kadi tofauti wanakuwa meza moja. Mwanachama wa NHIF aliyeajiriwa serikalini anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanaruhusiwa kuwa miongoni mwao. Nimeingia nyumba moja ambako mwalimu na nesi, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja alikuwa amemwandikisha mama. Nikamuuliza mzee, “Meku, na wewe kadi yako iko wapi?” Akasema, “Si ile ya mama yenu?” Mama alikuwa na nafasi mbili, baba hana hata moja, na baba ndiye mwenye presha. Dakika kumi za kikao zingemaliza jambo hilo.

Wako wanaonijibu, “Mama, nilipie kadi halafu niambiwe dawa hakuna, nikanunue duka la nje?” Siwabishii. Limewatokea, na hata mimi limenitokea. Lakini kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka vijijini kwetu. Mjumbe huyo anajulikana, tunasali naye. Aulizwe kwenye mkutano wa kijiji pesa za CHF zilinunua dawa gani na lini. Mwenye kadi hai ana nguvu ya kuuliza swali hilo.

Kwa hiyo Desemba hii, mkiwa bado mmekaa, toeni kadi zote mezani. Someni tarehe. Angalieni nani amevuka miaka 18 na sasa anahitaji kadi yake. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu, kitambulisho chake kifuatiliwe ofisi ya kijiji. Kisha mpigieni mwandikishaji wenu aulizwe bei ya sasa, vituo vya sasa na kisicholipiwa, kabla noti haijatoka mfukoni. Siku ya picha wawepo wote, hata mwanafunzi wa bweni, maana kadi isiyo na picha yake itamkwamisha dirishani. Na mtoto akizaliwa katikati ya mwaka, msingoje Desemba nyingine: leteni jina lake wiki hiyohiyo, tuone kama nafasi ya sita bado iko wazi.