Basi la timu lisilo na kutu bado halijafika Bagamoyo

MABASI ya timu ambayo vijana wetu wanayatengeneza kwa maboksi na makopo yana ugonjwa mmoja: yote ni mapya. Yawe mekundu na meupe ya Simba au ya kijani na njano ya Yanga, yanang'aa kama yameshushwa bandarini jana. Ni mazuri, sikatai. Ila soka la nchi hii halisafiri kwa mabasi mapya peke yake.

Toka Dar es Salaam elekea Bagamoyo, kilomita kama 70 tu, utanielewa. Ukishapita Bunju, ambako Simba wana uwanja wao wa mazoezi wa Mo Simba Arena, anza kuangalia magari yanayobeba timu za ndondo Jumapili. Coaster la kukodi. Hiace iliyostaafu udaladala. Pikapu ambayo asubuhi ilibeba samaki na jioni inabeba mabeki wanne na mipira. Kuanzia Mapinga, Kiromo mpaka Bagamoyo mjini, mengi yamekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili.

Hayo ndiyo magari ya soka letu, na mengi yataishia kwenye mizani ya vyuma chakavu bila mtu kuyapiga hata picha. Kwa hiyo kijana akikaa chini na boksi, wembe na gundi akatengeneza moja lilivyo, na kutu yake, huyo anatunza historia ya timu ya mtaa kuliko makatibu wengi ninaowajua.

Shida ni kwamba wengi wakitaka kutu wanachukua rangi ya kahawia na kulipaka gari lote. Hiyo siyo kutu, hiyo ni chokoleti. Kutu ina sababu na ina mahali pake. Chuma kikikutana na maji na hewa kinaanza kuliwa, na chumvi inaongeza kasi. Pwani hii upepo wa kaskazi ukivuma unaleta unyevu wa bahari moja kwa moja, kisha maji yanatafuta pa kukaa: chini ya milango, ndani ya madigadi, kingo za madirisha, miguu ya keria, na kila palipochomelewa. Katikati ya paa rangi inapauka kwa jua, lakini kutu inachelewa kwa sababu maji hayakai pale.

Hujanielewa? Nenda kaangalie goli la chuma kwenye uwanja wowote wa karibu na bahari. Nguzo imeoza wapi? Chini, inapoingia ardhini. Halafu kwenye kona ya mwamba palipochomelewa, na kwenye vindoano vya nyavu. Katikati ya nguzo unakuta rangi imechubuka tu kwa mipira. Basi la timu linaoza kwa sheria zilezile.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa ndipo mafundi wazuri wanapopigwa chenga. Coaster ndefu ina urefu wa karibu mita 7. Ukilitengeneza dogo mara 24, unapata basi la sentimita 29 hivi. Sasa weka doa la kutu la sentimita 1 ubavuni. Kwenye gari la kweli hilo ni doa la sentimita 24, wakati mpira wa namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Yaani umetoboa tundu la kupitisha mpira bila kugusa kingo! Doa la milimita 1 linatosha, hilo ni karibu na upana wa sarafu.

Sasa njia yenyewe. Watengenezaji wa magari madogo duniani wana mbinu moja ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatumia kitu ambacho Bagamoyo kimejaa: chumvi.

Kwanza unapaka bodi rangi ya kutu, kahawia iliyokolea na madoa machache ya machungwa. Kutu kuukuu ni nyeusi-nyeusi, mpya ndiyo yenye machungwa. Ikikauka, pitisha vanishi, hasa kama bodi ni ya boksi, maana maji yatailainisha. Kisha lowesha kidogo zile sehemu zinazooza na unyunyizie chumvi ya mawe iliyopondwa. Iache ikauke na kushika. Hapo ndipo unapuliza rangi ya timu kwa kopo la kupulizia, nyepesi, mara mbili. Usitumie brashi na rangi ya maji, chumvi itayeyuka yote na kazi imeisha. Rangi ikikauka, sugua taratibu kwa mswaki uliolowa. Chumvi inadondoka na rangi iliyoishikilia, na chini yake kutu inachungulia kwa kingo zilizochanika ovyo, kama gari lenyewe. Chumvi ileile inayokula gari la kweli ndiyo inakuchorea la kuigiza.

Kama bodi ni ya kopo la chuma, suuza chumvi yote, la sivyo kutu ya kuigiza itageuka ya kweli. Kopo la soda la alumini halina presha hiyo, halitoi kutu ya kahawia hata ulizamishe baharini.

Asiye na kopo la kupulizia achukue kipande cha sponji ya godoro, akichane, achovye kahawia, akaushie kwenye karatasi kwanza, ndipo aguseguse kingo. Nayo inatoka freshi. Wengine huloweka kwenye siki ule waya laini wa kusugulia sufuria, unaoota kutu. Kesho yake maji yake ukiyapaka kwenye boksi au mbao yanageuka kahawia yakipigwa na hewa. Ila usifunge chombo kwa mfuniko, kuna gesi inatoka.

Najua wapo watakaotumia haya kwa utani, wampelekee mtani basi la klabu yake likiwa limeoza kabla ya dabi. Ruksa. Ila utani wenyewe uwe na michirizi inayoshuka kutoka kwenye skrubu kwenda chini, maana maji hayapandi.

Mwisho ni vumbi na tope. Tope liwe chini, nyuma ya magurudumu, ambayo bado hakuna kinachoshinda ndala kuukuu kuyakata. Vumbi lipite kioo cha mbele chote, kisha ufute nusu duara mbili pale waipa zinapopita. Kama gari la timu yako lina waipa moja tu inayofanya kazi, futa moja.