Faiba Haiozi, Lakini Ubao Ulio Ndani Yake?

Hapa Gisenyi, mahali ambapo barabara ya kwenda Rubona inaukaribia ufuko wa Ziwa Kivu, palikuwa na mashua iliyolala kifudifudi chini ya mikaratusi. Kuku walitaga chini yake, na watoto waliokuwa wakitoka shule waliteleza juu ya mgongo wake. Msimu wa mvua uliopita jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu jeshini, aliinunua kwa sehemu kubwa ya akiba yake. Aliyemwuzia alimpa maneno mawili ya kumtuliza moyo: "Faiba haiozi."

Jioni ile ile mzee alikuja kwangu. "Mwalimu," alisema, ingawa ni miaka kadhaa sasa tangu niache chaki nikaingia ofisini, "wewe unasoma vitabu. Njoo uniambie nimenunua kitu gani." Alikuwa na nia ya kuwapeleka wajukuu wake Rubona siku ya Pasaka. Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake na daftari la matumizi ya nyumba mkononi, hakusema neno.

Nimeona vema kuieleza kazi tuliyoifanya, kwani wasomaji wengi wa ukurasa huu, ama wao wenyewe ama jamaa zao, wanaishi kandokando ya maziwa yetu, na si wachache wanaotamani kutumia kiinua mgongo kwa kununua mashua kuukuu.

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizofumwa kama kitambaa, au zilizokatwakatwa na kushikamanishwa kama mkeka, kisha zikaloweshwa kwa utomvu wa kiwandani uitwao resini. Resini ikitiwa dawa ya kugandisha huwa ngumu, na nyuzi zile huishika isipasuke. Ray Greene wa mji wa Toledo, Marekani, huhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda mashua kwa njia hiyo, mwaka 1942. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, viwanda vikaongezeka upesi, na katika miaka ya 1950 mashua ndogo za matembezi zikaanza kuiga magari ya wakati ule: mapezi pande mbili za nyuma, rangi mbili ubavuni, kioo cha mbele kilichopinda. Mashua ya mzee, yenye urefu wa mita 4 na nusu, ilikuwa na mapezi hayo hayo, ijapokuwa moja lilikuwa limemeguka ncha.

Hatua ya kwanza ni kuitambua mashua. Hili si jambo la fahari tu. Asiyejua mashua yake ni ya nani na ya lini hawezi kujibu akiulizwa na askari wa doria majini, wala hawezi kujua kama hakununua mali ya wizi. Pa kuanzia ni nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Tangu tarehe 1 Novemba 1972 sheria ya Marekani imewataka waundaji kuchapa hapo namba yenye tarakimu na herufi 12. Herufi tatu za kwanza ni za mwundaji, tano zinazofuata ni za mashua yenyewe, na nne za mwisho huonyesha wakati ilipoundwa au mwaka wa toleo lake. Nchi za Ulaya zilifuata utaratibu wa namna hiyo katika miaka ya 1990, zikitumia alama 14 ambazo huanza kwa herufi mbili za nchi. Namba hiyo mara nyingi hufichwa na rangi zilizopakwa baadaye. Isitafutwe kwa tindo. Chukua msasa laini wenye maji, usugue polepole kwa mkono, kisha umulike kwa tochi kutoka ubavuni ili vivuli vioneshe mikwaruzo.

Tulisugua saa nzima. Chini ya rangi ya kijani palikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe palikuwa na samawati ya mwanzo, na namba hapakuwa nayo. Tulichokipata ni matundu manne ya riveti, yaliyopangwa kwa umbo la mstatili mdogo: hapo palikuwa na kibati cha mwundaji, na mtu alikibandua. Mota nayo ilikuwa na kibati chake kwenye bano la kuifungia, lakini msomaji asidanganyike. Mota hubadilishwa mara nyingi katika maisha ya mashua moja, na umri wake si umri wa chombo. Vivyo hivyo jina lililoandikwa ubavuni. Yeyote mwenye brashi anaweza kuandika jina. Kwa kutokuwapo kwa namba, na kwa mapezi yale, tulikadiria kuwa iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 au mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina la kiwanda hatukulipata. Mzee alichukua vipimo, picha na hati ya mauzo yenye mashahidi wawili, akavipeleka kwa mamlaka kabla hajagusa chochote kingine, na hapo alifanya kama askari.

Sasa nifike penye shina la jambo. Ni kweli kwamba faiba haiozi. Lakini mashua nyingi za faiba za zama zile hazikuwa faiba tupu. Ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mota, uliundwa kwa plaiwudi iliyofungiwa katikati ya faiba, kama nyama ndani ya sambusa. Sakafu nayo ilikuwa hivyo, na mihimili chini yake. Kila bolti inayotobolewa hapo ni mlango wa maji. Maji yakishaingia hayatoki, kwa kuwa faiba inayazuia pande zote; basi ubao huoza gizani, huku nje pakiwa pamenyooka na kung'aa. Mwuzaji akipaka rangi mpya, mnunuzi haoni lolote mpaka siku ile mota inapotetemeka na kung'oka pamoja na ukuta wake, watu wakiwa katikati ya ziwa.

Njia za kupima ni rahisi, na hazihitaji fundi. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, kidole kwa kidole. Penye uzima mlio ni mkavu na mkali. Penye kuoza mlio hufa kama wa kugonga gunia la unga. Shika mota, uitikise juu na chini, mwenzako akiuangalia ukuta. Usitikisike hata kidogo. Kisha, kwa upande wa ndani, toboa tundu dogo kwa keekee karibu na chini, usipenye nje, utazame kinachotoka. Ubao mzima hutoa chamvi kavu zenye rangi ya mti.

Kwa mzee yalitoka matope meusi kama masimbi ya kahawa, na nyuma yake maji. Alitoboa tundu la pili, kisha la tatu. Yalikuwa yale yale. Alikaa juu ya ndoo, akanyamaza kwa muda mrefu. Mkewe ndiye aliyesema: "Baba, watoto hawatapanda kitu hiki Pasaka." "Hawatapanda, Mama," akajibu.

Kazi ya kutengeneza ilichukua miezi mitatu. Tulikata ngozi ya faiba ya ndani, tukaiacha ya nje ibaki kama kalibu, na kuchokoa uozo wote hadi pembeni. Kukausha ndiko kulikokula siku, maana hali ya hewa ya hapa ni ya unyevu. Mashua ilihamishiwa chini ya paa la mabati, ikaachwa wazi kwa majuma. Kijana mmoja alitaka kuharakisha kwa jiko la makaa. Tukamkataza, kwani mvuke wa resini hushika moto upesi, na makopo yalikuwa pale pale.

Plaiwudi ya kununua ijaribiwe kwanza jikoni. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, ukichemshe saa nzima, kisha ukikaushe. Gundi ikiachia na matabaka yakafunguka kama kitunguu, mrudishie mwenye duka ubao wake. Tulijaribu za aina tatu, na moja tu ilistahimili. Tuligundisha mbao mbili za milimita 18 ziwe moja, tukaziba kingo zote kwa resini kabla ya kuupachika ubao mahali pake. Faiba ya zamani yafaa ichongwe mteremko mrefu kuizunguka sehemu inayotengenezwa, mara 12 ya unene wake, ili mpya ipate pa kushikia. Kiraka kilichobandikwa juu ya ukingo wima hubanduka.

Kuhusu dawa ya kugandisha resini hii ya kawaida ya poliesta, kipimo ni kati ya gramu 10 na 20 kwa kilo moja ya resini, si kwa kukisia. Ikizidi, resini huchemka yenyewe. Kikopo tulichokisahau kilifuka moshi, na chini yake kikayeyuka. Tone moja la dawa hiyo likiingia jichoni laweza kupofusha. Vaeni miwani na glovu. Vumbi la kioo nalo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, hivyo mtu avae barakoa na mikono mirefu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mama wa nyumba ile alizikuta katika karai moja na nepi za mjukuu, na aliyoyasema siku hiyo siwezi kuyaandika gazetini.

Mota nayo ina neno lake hapa kwetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hivyo mota ya nguvu za farasi 40 hapa hufanya kazi kama ya 34 hivi. Dawa yake ni kufunga pangaboi lenye mpindo mdogo zaidi, na kutoijaza mashua kama wafanyavyo watu wa pwani. Nasema hili kwa uchungu. Tarehe 3 Oktoba 2024, karibu na bandari ya Kituku, Goma, ng'ambo ya mpaka tu kutoka hapa, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama mbele ya macho ya waliokuwa wakiingoja gatini. Makumi ya watu walipoteza maisha. Katika ziwa ambalo kina chake hufikia mita 480 hivi, mita chache kutoka ufukweni zatosha.

Mzee aliandika kwa rangi nyekundu ndani ya mashua: WATU 4. Akanunua jaketi tano za kuokolea, mbili za watoto.

Siku ya kuishusha majini, mapema kabla ya upepo wa alasiri, alikwenda peke yake hadi Rubona na kurudi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukirudi nyuma kila mara kuupapasa ubao wa tezi. Mkewe alimngoja ufukoni na daftari lake. Aliporudi, mama yule aliingia majini hadi magotini, akaufunua ubao wa sakafu yeye mwenyewe, akatia kiganja chini kutafuta maji. Palikuwa pakavu. Ndipo akawafunga wajukuu jaketi zao.

Matundu manne ya riveti tumeyaziba, ila mzee hakuyapaka rangi. Asema huenda siku moja mtu akaja na kibati mfukoni.