Gari Likipoteza Umeme Ghafla: Fuata Njia, Usibahatishe

Dereva anayesafiri usiku hana adui mbaya kuliko giza linaloingia ghafla. Taa za mbele huzimika, na barabara iliyokuwa ikionekana vizuri hupotea pamoja na kona zake, mitaro yake na watu wanaotembea kando yake. Kwa wale askari wenzetu wenye Land Rover kuukuu, hasa zilizopatikana mnadani, jambo hili si geni. Katika makala haya tunapenda kueleza namna ya kutafuta kosa la umeme kwa utaratibu, bila ya kubahatisha na bila ya kuliteketeza gari lenyewe.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na zile za toleo la tatu zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Magari haya hayana kompyuta, na waya zake si nyingi. Kwa hiyo mtu mwenye subira, akiwa na balbu moja na vipande viwili vya waya, aweza kuligundua kosa lake hata akiwa porini.

UMEME NI KAMA ASKARI WA DORIA

Yafaa kwanza tuelewe kwamba umeme ni kama askari wa doria: hutoka kambini, na ni lazima arudi kambini. Hutoka kwenye betri, hupita katika swichi na fyuzi, hufika kwenye taa au honi, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chesisi. Njia ya kurudi ikikatika, kazi yote husimama ingawa betri imejaa.

Njia hiyo ya kurudi ndiyo inayosahauliwa zaidi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na chesisi yake ni ya chuma. Mahali madini haya mawili yanapokutana, maji na matope huleta kutu, na umeme hushindwa kupita. Ukiona taa za nyuma zina mwanga hafifu, au taa nyingine zinapepesa kila unapowasha indiketa, usikimbilie kununua balbu mpya. Fungua nati ya waya mweusi, piga msasa hadi chuma king'are, kisha uikaze tena.

ULIZA: NI VITU GANI VILIVYOKUFA?

Kabla ya kushika spana, hesabu vilivyozimika. Ikiwa kila kitu kimekufa, kosa li karibu na betri. Washa taa kubwa, kisha jaribu kupiga stata. Taa zikizimika kabisa na stata ikilia "ta" tu, basi ama betri imekwisha au kichwa chake kimelegea au kimeota ukoko. Zima, kisha gusa vichwa vya betri kwa uangalifu. Kile chenye moto ndicho kinachoukwamisha umeme.

Ikiwa waipa, indiketa na taa za breki zimekufa kwa pamoja, tazama fyuzi inayozilisha zote. Ikiwa ni taa moja tu, kosa liko kwenye balbu, swichi au waya wake. Na ikiwa injini imezimika lakini taa zinawaka vizuri, fuata waya mweupe uendao kwenye koili, kisha tazama pointi zilizo ndani ya distribyuta.

Rangi za waya nazo ni ramani. Kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri. Nyeupe hupata umeme ufunguo unapofunguliwa. Kijani ni ule uliokwisha kupita kwenye fyuzi baada ya ufunguo. Zambarau hupita kwenye fyuzi lakini haungoji ufunguo. Buluu ni wa taa kubwa. Nyekundu ni wa taa ndogo. Na mweusi ndio unaorudi chini.

FYUZI NI MLINZI

Hapa ndipo magari mengi yanapoungua. Fyuzi ikikatika, baadhi ya madereva huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kwa kipande cha waya. Kufanya hivyo ni kumwondoa mlinzi langoni kwa sababu amepiga kelele. Umeme ulioshikwa shoti huendelea kupita, waya huwa wekundu kwa moto, na abiria walio nyuma wamekaa karibu na petroli.

Yafaa pia kujua kwamba fyuzi ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini imekusudiwa kubeba 17 tu kwa muda wote. Fyuzi ya Kimarekani yenye namba hiyo hiyo hubeba 35 zote. Aidha, katika mengi ya magari haya taa kubwa hazina fyuzi kabisa, na hivyo waya wake uliochubuka ni hatari kubwa zaidi.

Fyuzi mpya ikikatika tena, zima vyombo vyote, kisha weka balbu ya taa ya breki mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ingalipo. Chomoa waya za upande huo mmoja mmoja. Ule utakaoizima balbu ndio wenye kosa.

TAHADHARI

Unapofungua betri, anza na waya uendao kwenye bodi, ili spana ikigusa chuma isilete cheche. Usifungue betri injini ikiwa inanguruma, kwa maana altaneta itaharibika. Land Rover za zamani zaidi zilifunga upande wa chanya kwenye bodi, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya redio za jeshi zina volti 24. Hakikisha kabla ya kuweka kifaa kipya. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha karibu 12.6, na injini ikizunguka yapasa ifike kama 14. Isipopanda, haichajiwi.

Na giza likikukuta ukiwa mwendoni, usikate usukani. Punguza mwendo taratibu, toka barabarani, na weka alama au matawi nyuma ya gari. Ukiondoka, yaondoe matawi hayo, yasije yakamuua mwingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukaza vichwa vya betri na kusafisha nati za waya mweusi ni kazi ya nusu saa. Tuifanye mchana, gari likiwa limesimama, kabla ya usiku kutudai.