Sahani isiyoliwa na vidonge tunavyogawana

Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara: mtoto alipewa antibiotiki ileile iliyomponya mwaka jana, mbona safari hii homa haikushuka? Wengi tunasema dawa ilikuwa ya uongo. Huenda. Lakini iko sababu nyingine, nayo huonekana kwa macho kwenye sahani ya labo.

Sahani hiyo ni ndogo, ina kifuniko, na ndani yake humwagwa agari pamoja na chakula cha mikrobi. Agari hutoka kwenye mwani, majani ya baharini. Ukiichemsha na kuiacha ipoe, huganda kama mchuzi wa mifupa uliolala. Tena ilitoka jikoni kwa mwanamke! Huko Ujerumani, mwaka 1881, daktari Walther Hesse alikuwa akihangaika kwa sababu gelatini aliyooteshea mikrobi iliyeyuka kwenye joto. Mkewe, Fanny Hesse, alikuwa akigandisha vyakula vitamu kwa agari, ujuzi aliofundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java, na vyakula vyake havikuyeyuka. Akamwambia mumewe ajaribu. Mwaka 1882 Robert Koch, aliyegundua mikrobi ya kifua kikuu, aliitaja agari katika maandishi yake. Jina la mama huyo hakulitaja.

Basi mtu wa labo huchukua mikrobi zilizooteshwa kutoka damu, mkojo au usaha wa mgonjwa, akazipaka juu ya agari yote. Kisha huweka vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, na sahani hulala kwenye joto kama la mwili. Asubuhi mikrobi zimetanda kama utando. Kuzunguka baadhi ya vikaratasi kuna duara safi: hapo dawa imezizuia. Duara hupimwa kwa rula na kulinganishwa na kipimo cha dawa hiyo. Kwenye vikaratasi vingine mikrobi zimeota hadi ukingoni. Hiyo ndiyo dawa ambayo mtoto angeinywa bure.

Zimepataje ugumu huo? Kati ya mikrobi nyingi huwa kuna chache zinazostahimili dawa. Ukimpa mtoto vidonge viwili kisha ukavifunga vilivyobaki kwenye kitambaa kwa ajili ya mtoto wa jirani, dhaifu zimekufa, ngumu zimebaki na nafasi ya kuzaana. Alexander Fleming, aliyeona mwaka 1928 jinsi ukungu ulivyozuia mikrobi kwenye sahani yake London, alionya juu ya jambo hili alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa mtu anayejitibu koo kwa penisilini kidogo, akazifundisha mikrobi kuvumilia, kisha akamwambukiza mkewe, mke akafa. Na si mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba salmonela zilizopatikana katika damu ya wagonjwa nchini mwetu Kongo zilikuwa zimeshinda karibu dawa zote za kawaida za ugonjwa huo.

Wako wanaouliza juu ya kitunguu saumu. Ni kweli, maji yake yakitiwa kwenye sahani huleta duara. Hata Javel huleta, na hakuna anayemnywesha mtoto Javel. Kilichoshinda juu ya agari hakijafika kwenye damu. Kitunguu tukitie kwenye sombe. Mtoto anayehema mbiombio apelekwe kituo cha afya.

Vituo vyetu vingi vya vijijini havina kipimo hiki, maana kinataka umeme usiozimika na watu waliofunzwa. Kwa hiyo tumuulize muganga: ni malaria au kitu kingine? Dawa ni ya siku ngapi? Homa ikibaki, turudi lini?

Na mtoto akitumwa hospitali ambako damu inaweza kuoteshwa, inafaa ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Ikiwa tayari alikunywa hata vidonge viwili vya sokoni, tuseme wazi, tusiogope kugombezwa: dawa iliyo ndani ya damu inaweza kuzuia mikrobi kuota, sahani ikatoka tupu, na labo ikaandika kwamba hakuna kitu.