Fimbo Mbili za Mwanamke Mkimbiaji

Mwanamke akikimbia mlimani na fimbo mbili mkononi, watu wa kwetu wangemwonea huruma wakidhani ni mgonjwa. Lakini huko Ulaya, katika mashindano ya kuuzunguka mlima Mont Blanc, wakimbiaji wengi huzishika. Njia ile ni kilometa 170 hivi, na kupanda kwake kote hufika meta 10,000. Miguu peke yake huchoka; fimbo huipa mikono sehemu ya kazi.

Dada anayeanza asivutwe na bei kubwa. Asimame wima, ncha ya fimbo ikiwa chini. Kiwiko kikikunjika kama pembe ya meza, kipimo kimefaa. Mwenye kimo cha sentimeta 160 huhitaji fimbo ya 110 hivi. Ya kaboni ni nyepesi, lakini huvunjika ghafula. Ya alumini ni nzito kidogo, nayo ikikwama kati ya mawe aghalabu hupinda tu. Kwa mwanafunzi naona hii ni afadhali.

Wengi hukosea kitanzi. Mkono uingie toka chini, kisha ushike mpini pamoja na ukanda, uzito ulale juu ya ukanda. Akipanda, fimbo ya kulia iende na mguu wa kushoto. Penye mwinuko mkali, zote mbili pamoja. Akiteremka penye mawe atoe mikono vitanzini, fimbo iliyokwama isimwangushe.

Na ajizoeze mapema: kule Mont Blanc aliyeanza na fimbo haruhusiwi kuziacha njiani, atazichukua mpaka mwisho.