Dola 268 kwa kila tani

Usiku wa Januari jijini New York, barafu imetanda barabarani, na bado ghorofa nyingi za zamani zimeacha madirisha wazi. Waliomo ndani wanakimbia joto. Mvuke unapanda kutoka kwenye boila chini ya jengo hadi kwenye vyuma vya kupashia joto vilivyo kando ya dirisha, na mara nyingi mpangaji hana pa kuupunguzia. Boila zenyewe ni kubwa kupita kiasi: baada ya janga la mafua la 1918, wahandisi walizikadiria zitoshe siku ya baridi kali kabisa huku madirisha yakiwa wazi ili hewa ibadilike. Hofu ikaisha, boila zikabaki.

Majengo ndiyo yanayotoa takribani theluthi mbili ya gesijoto ya jiji hilo, mbele ya magari. Kwa hiyo Sheria Na. 97 ya 2019 ikayabana yenye zaidi ya futi za mraba 25,000. Kila mwaka mwenye jengo hujumlisha gesi, mafuta, mvuke na umeme uliotumika, kila kimoja kwa kiwango chake cha kaboni. Jumla hulinganishwa na kikomo kinachotegemea ukubwa wa jengo na kazi yake. Hospitali haipimwi kama ghala. Aliyezidisha hutozwa dola 268 kwa tani, hata kama taa zilizokesha zikiwaka ni za mpangaji.

Tani 100 za ziada ni dola 26,800 kwa mwaka. Wapangaji walionunua jengo lao kwa ushirika zitawauma. Mwenye mnara wa ofisi pale Manhattan huenda asizisikie, na hapo ndipo ninapoitilia shaka faini hii.

Lakini kupunguza matumizi kunawezekana bila kubomoa. Jengo la Empire State lilianza kabla ya sheria hiyo. Mnamo 2010 madirisha yake 6,514 yalianza kufunguliwa na kupelekwa kwenye karakana iliyowekwa humohumo ndani. Katikati ya vioo viwili mafundi walitandika utando mwembamba, wakajaza gesi isiyopitisha joto kwa urahisi, wakayarudisha. Vioo karibu vyote ni vilevile vya awali. Nyuma ya vyuma vya joto wakaweka kizuizi cha kurudisha joto chumbani. Pamoja na marekebisho mengine, mpango ulilenga kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38.

Vikomo vilivyoanza 2024 ni vya kulegea, na majengo mengi yamevipita bila jasho. Vya 2030 vinakaza, na vingi vya vyuma vya mvuke kwenye ghorofa za zamani bado havina vali ya kumwezesha mpangaji kupunguza joto.